Popo wa Bi Mkasi

Katika kisiwa chote cha Kidundo, hakuna mtu aliyewahi kufundisha popo kuruka ila mie, Chumu binti Faki, niliyeishia darasa la saba. Basi tuseme kweli: popo walizaliwa wanajua kuruka. Nilichowafundisha mie ni njia ya kwenda kula, na hata hiyo sikuifundisha kwa akili zangu. Nilikaa kitini nikavishwa kofia, nikasinzia, nikakoroma mpaka yule binti mtaalamu akashika mbavu. Na popo wa kwanza kutoka na elimu yangu kichwani alikwenda moja kwa moja kujigonga kwenye dishi la sheha. Kwa hiyo sifa zangu zichukueni, lakini msizibebe mbali.

Kofia yenyewe ina jina refu la kiserikali. Sisi wanawake wa Jumuiya ya Walinzi tunaiita kofia, kwa sababu inavaliwa kichwani na hatuna muda wa zaidi ya hapo.

Popo wakubwa wa kisiwa hiki, wale wenye sura za mbwa na manyoya ya rangi ya chai kavu, waliisha zamani, mie ningali na meno yangu yote. Walirudishwa kutokana na kipande cha ngozi kilichokuwa kimelala kwenye barafu huko kwa wenye barafu. Wakakuzwa katika vifuko vya maji ya uvuguvugu ndani ya kitalu nyuma ya skuli, wakatoka wazima, wazuri, na wajinga kabisa. Popo aliyezaliwa na kifuko hana mama. Na mama wa popo ndiye anayemwonyesha mwanawe msufi gani unachanua mwezi gani, na upepo upi wa kuudandia kuufikia. Kazi hiyo ikabaki haina mwenyewe. Ndipo wakatutafuta sisi.

Kwa nini sisi? Kwa sababu misufi ya Kidundo ilijulikana vizuri na viumbe wa namna mbili tu: popo waliokwenda kunywa maua yake, na wanawake waliokwenda kuokota sufi ya kujazia magodoro ya maharusi. Popo walipoisha, walibaki wanawake.

Kofia inachukua mwendo mmoja. Haikombi kichwa kizima. Inachukua siku moja uliyokwenda mahali ukarudi: njia, harufu, upepo, na namna moyo ulivyokuwa ukidunda siku hiyo. Inaunyonya mwendo ule na kuumimina katika vichwa vya popo wachanga. Wala haiachi nakala.

"Ni kama maji ya mtungi, bibi," alinieleza Raudha, yule binti mtaalamu. "Ukiyamimina kikombeni, mtungini hayamo tena."

"Mbona redio inasema mara moja na kila nyumba inasikia?"

"Kichwa si redio."

"Cha kwako," nilimwambia. "Cha Mkasi ni redio, tena haina kitufe cha kuzimia."

Nilitoa mwendo mmoja, wa misufi ya Kibandani. Naambiwa siku ile nilikwenda na shangazi yangu. Sijui. Pale palipokuwa na siku ile sasa pana kitu kama pengo la jino. Ulimi unakwenda kutafuta, haukuti kitu. Popo walioipokea wamevishwa pete za kijani mguuni, na wanene wale, mashaallah, utadhani wanakula kwa mjomba wao.

Lakini mie sikuwa wa kwanza. Wa kwanza kukaa kwenye kile kiti alikuwa shoga yangu Mkasi binti Haji, fundi wa magodoro kama mie, mwenyekiti wa Jumuiya, mwanamke aliyeninyonyeshea watoto wangu nami nikamnyonyeshea wake. Wengine walikuwa wanaogopa ile kofia. Yeye aliivua kanga kichwani na kusema, "Nianzeni mie," na wanawake wote wakapiga vigelegele. Akatoa mwendo wa Bonde la Ukunga, kwenye misufi mirefu inayochanua kiangazi, wakati kisiwa kizima hakina ua. Popo wake walivishwa pete za manjano. Rangi aliichagua mwenyewe.

"Manjano inaonekana mbali," alisema.

Ikaonekana.

*

Kiangazi kile Raudha alinijia nyumbani saa za adhuhuri, hajaniita kwa simu, amekuja kwa miguu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mbona umenijia na uso wa matanga?"

Alikuwa na taulo mkononi. Akalifunua. Ndani mlikuwa na popo mwenye pete ya manjano, mbavu zote unaweza kuzihesabu, mabawa yamemning'inia kama mwavuli uliovunjika. Aliponiona akafungua macho yale ya mviringo, akayafumba tena, kama mgonjwa aliyechoka na wageni.

"Hawali," akasema Raudha. "Kila jioni wanatoka vizuri, wanakwenda mpaka pale Bonde la Ukunga linapobana. Wakifika hapo wanapiga kelele, wanageuka. Misufi imejaa maua, iko mbele ya macho yao, bibi. Wanageuka."

"Wabebeni muwaingize."

"Tuliwabeba kwenye tundu. Mmoja alivunja bawa akitaka kutoka."

"Walisheni mapapai."

"Nikiwalisha kwa mkono maisha yao yote, hao si popo wa kisiwa tena. Hao ni kuku wangu."

"Na wangu, wale wa kijani, hawawezi kuwaongoza?"

"Wako wanaijua Kibandani, na maua ya Kibandani yamekwisha. Sasa wanamalizia kungu, matunda ya pwani. Zikiisha, nao watakuwa hawana pa kwenda ila bondeni, na njia ya bondeni wanayo hawa peke yao." Akamfunika popo. "Tukikosa bonde, tumekosa wote. Njoo uone mwenyewe. Wewe na Bi Mkasi tu ndio mliobaki mnaolijua lile bonde, na Bi Mkasi anasema siku yake ilikuwa moja tu, ameshaitoa."

Tukapanda kigari cha jua cha Jumuiya, kile kinachosema. Kiliniambia nifunge mkanda. Nikakiambia nimezaa watoto bila mkanda. Kikagoma kuondoka. Nikafunga.

*

Inabidi niwaambie habari ya bonde lile, maana bila hiyo mtaniona bibi kizee aliyekwenda kulia kwa ajili ya popo.

Zamani wanaume wa Kidundo waliwawinda popo kwa jarife, ule wavu mkubwa, wakawala. Mume wangu Ngwali alikuwa mmoja wao, tena hodari. Popo walipobaki kundi moja tu, pale Bonde la Ukunga, wawindaji wote waliapa msikitini kwamba wameacha. Ngwali aliapa, akalikunja jarife lake akalitia darini, na kuku wakataga ndani yake. Wakubwa wa misitu wa enzi zile nao wakaja na kibao, wakalifunga bonde, mtu asiingie. Hawakutuuliza sisi wanawake sufi tutaipata wapi. Walipigilia kibao, wakanywa madafu yetu, wakaenda zao.

Kisha popo wakaisha. Waliisha kwa jioni mbili, kundi zima. Asubuhi watu wakakuta mabawa yametapakaa kwenye majani.

Aliyeulizwa kwanza ni aliyekuwa hodari. Ngwali akasema si yeye. Pale barazani kwa sheha akasimama Mkasi, akasema kwa huzuni kubwa kwamba jioni ile alimwona Ngwali anapanda kutoka bondeni na gunia linalotona damu. Kidundo, mtu aliyevunja yamini, kiapo cha msikitini, hapigwi wala hafungwi. Anasusiwa. Ngwali akitoa salamu, hajibiwi. Akiingia msikitini, safu inasogea mpaka anabaki kama nguzo. Akaniambia, "Chumu, mie sikuwagusa wale wanyama," nami nikamwambia najua. Akavuka kwenda Tanga kutafuta pa kuishi anichukue. Akafia huko, akazikwa na watu wasiomjua hata jina la babake.

Eda yangu yote Mkasi alilala nyumbani kwangu. Alinipikia, akanipaka mafuta kichwani. Akaniambia, "Mie nilisema nilichokiona, shoga." Nami nilimwamini kwamba aliona mtu, ila aliona vibaya, kiza kilikuwa kinaingia, mtu akibeba gunia hufanana na mwingine. Nilimsamehe macho yake. Nilimsamehe bila kuombwa, na miaka yote hii tumeshona magodoro pamoja, sindano yangu upande huu, yake upande ule.

*

Tulisimama ukingoni mwa bonde, jua linashuka. Mahali pale kingo mbili zinakaribiana na katikati kuna kijito, ndio mlango. Nyuma yake misufi mirefu, haina jani hata moja, imevaa maua meupe mpaka ncha.

Popo wa manjano walikuja kwa pamoja. Walikuja vizuri, wamenyooka, wana njaa na wanajua pa kwenda. Walipofika mlangoni, wa mbele akajigonga.

Hapakuwa na kitu. Upepo ulikuwa unapita, niliuona ukitikisa majani ng'ambo. Lakini yule popo alijigonga, akajikunja, akapiga kelele kama mtoto aliyefinywa mlangoni. Na wa pili. Na wengine wote. Walikuwa wanahangaika na mabawa hewani, wanajing'oa kwenye kitu kisichokuwepo, kisha wanaanguka pembeni na kukimbia chini chini.

Raudha alikuwa na kile kioo chake kinachochora njia za popo. "Nimekusanya jioni zote," akasema. "Tazama wanapogeukia."

Kila popo alipogeukia palikuwa na doa. Madoa yalikuwa mengi mpaka yamefanya umbo. Raudha akasema, "Mimi naona kama pazia."

Mie niliona wavu. Wala haukuwa wavu wowote tu. Jarife la popo hutundikwa juu, mtini, likakazwa mpaka likalia ukiligusa. Nimeishi na mwindaji, nimeshona matundu ya jarife lake kwa mikono hii. Huu ulikuwa umeshikwa chini, ncha zake zimekaa usawa wa kiuno cha mtu huku ukingoni na kule ukingoni, na katikati umelegea kama tumbo la mja mzito. Hivyo ndivyo sisi wanawake tunavyotanda dagaa ufukweni. Unafunga ncha ya chandarua kiunoni, mwenzio anafunga ya kwake, mnakiacha katikati kijaze. Hakuna mwanamume wa Kidundo aliyewahi kushika chandarua hivyo. Ataona haya kufunga kitu kiunoni kama mwanamke.

"Raudha," nikasema, "hii kofia yenu inachagua vipi siku ya kuchukua?"

"Mtu anaambiwa afikirie mahali. Kama alikwenda mara nyingi, kofia inachukua mwendo ambao moyo umeushika kwa nguvu zaidi."

"Kwa furaha?"

"Kwa chochote, bibi."

Hapo kila mmoja wetu alijua mwenzake ameshaelewa, tukawa tunatazama kijito kama watu waliokuja kununua maji.

Nikakumbuka namna Mkasi alivyoivua kanga kichwani. Nianzeni mie. Sisi tukipiga vigelegele, yeye alikuwa amekuja kunawa. Na maji machafu amewamwagia watoto wa popo.

*

Mkasi nilimkuta barazani kwake anashona godoro la kumbi za nazi, maana sufi hakuna. Misufi isiyotembelewa na popo huchanua bure, haizai. Alinivutia mkeka.

"Karibu, shoga. Shika ncha hiyo."

Nikaishika. Mikono ina mazoea yake. Tukashona kidogo.

"Nimetoka Ukunga," nikasema.

"Popo wangu hawajambo?"

"Wanakufa. Wanajigonga kwenye wavu."

"Wavu gani tena? Nani kaweka wavu?"

"Chandarua cha dagaa. Kimefungwa kiunoni, ukingo hadi ukingo. Kimo kichwani mwao, Mkasi. Wamekipata kwako."

Sindano yake ilisimama. Haikusimama kwa muda mrefu. Mtu mwingine asingeona. Kisha ikaendelea.

"Shoga," akasema, "unaniuliza kitu nisichokuwa nacho. Bonde lile nimelitoa. Ukinipeleka leo sijui hata pa kushukia, sikumbuki hata jiwe. Wewe mwenyewe ulitoa Kibandani, unajua pengo linavyokuwa."

"Najua."

"Basi kama nilikuwepo, sikuwepo. Utamshika mtu kwa jambo ambalo kichwani mwake halimo?"

"Uliapa kwa sheha umemwona mume wangu na gunia."

"Huenda nilimwona. Huenda tulikuwa pamoja, yeye ndiye aliyenipeleka. Sijui, Chumu. Hakuna anayejua sasa." Akaukata uzi kwa meno. "Bonde lilifungwa kwa ajili ya popo, na sisi tulikuwa tunakufa njaa na sindano zetu. Huenda kuna watu walidhani popo wakiisha kibao kitaondolewa. Mie nasema huenda."

Nimetukanwa mengi katika maisha yangu, mengine nilistahili. Lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa lile huenda. Alimwua mume wangu mara ya kwanza kwa kusema nimeona. Sasa alikuwa anamchimbua amwue tena kwa kusema sijui.

"Kitu kimoja kinajulikana," akaendelea, na sauti yake ikawa laini, ile aliyonipakia mafuta. "Kumbukumbu nzuri ikimiminwa juu ya mbaya, ya mahali pale pale, popo watashika nzuri. Raudha kasema mbele ya wote. Na wewe unayo moja. Ile ya godoro lako."

Ninayo. Nilipokuwa mchumba, kabla kibao hakijaja, Ngwali alinipeleka Ukunga kuokota sufi ya godoro letu, mchana kweupe. Alipanda msufi, akautikisa, sufi ikatushukia sote wawili mpaka akawa na ndevu nyeupe kama kadhi. Kisha akaanza kupiga chafya. Alipiga chafya mpaka akateleza, akaning'inia kwa mkono mmoja, anacheka na anapiga chafya, na mie chini sijui nimshike au nikimbie. Siku nyingine zote uso wake umeanza kunipotea. Siku ile ninauona, na kila chafya. Picha zake ninazo, lakini picha haipigi chafya.

"Unataka nimtoe Ngwali," nikasema, "ili popo wasahau ulichowafanyia wazee wao."

"Mie nataka popo wapone. Wewe hutaki?"

Huyo ndiye Mkasi. Akikuibia kuku, atakuuliza mbona huna huruma na mayai.

*

Sheha wetu wa sasa, Mzee Shaame, ni mtu mwema anayependa kila jambo liishe kabla ya chai. Alitukusanya kitaluni: mie, Mkasi, Raudha, na wanawake wa Jumuiya wamejaa mlangoni. Alisikiliza habari ya wavu, akakitazama kile kioo, akakuna kidevu.

"Bi Chumu, naona uchungu wako," akasema. "Lakini nitamsusiaje mtu kwa jambo asilolijua? Bi Mkasi hana hata chembe ya bonde lile. Mwenye kulikumbuka ni popo, na popo hawaapi."

"Na jina la Ngwali?"

"Marehemu hatasusiwa tena. Yameshapita."

"Kwake yamepita," nikasema. "Mie bado nakaa nayo nyumba moja."

Raudha alikuwa amesimama karibu na tundu la wale waliodhoofu, na kila aliponitazama alitazama chini haraka. Hakuniomba. Nilimpenda kwa hilo. Lakini popo ndani ya tundu walikuwa wametulia mno, na popo hawatulii mchana isipokuwa wamelala au wanakufa.

Nilifikiri sana, msinione mzaha. Nikitoa siku yangu, popo watapata bonde, na kisiwa kitapata sufi, na mabibi harusi watalalia kitu kisichochoma. Nami nitabaki na picha na jina la mtu ambaye kila mtu anaamini alivunja yamini. Sitakuwa na sababu hata ya kumtetea; nitasikia habari zake kama za jirani wa mtu. Nikikataa, nitabaki na Ngwali akipiga chafya, na nje popo wanaanguka mmoja mmoja kwa dhambi isiyokuwa yao. Wao walizaliwa juzi tu. Na Ngwali aliapa kuwaacha waishi.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera, dogo kama mbegu ya sufi ndani ya mto. Popo waliisha kwa jioni mbili. Kofia inachukua mwendo mmoja. Jioni ya pili imebaki kichwani mwa nani?

"Nitatoa," nikasema.

Wanawake mlangoni wakahema. Mkasi akaja akanikumbatia, akaniketisha kitini yeye mwenyewe, akanivua mtandio. Raudha alipokuwa ananifunga ile kofia, baridi kama ganda la tikiti, nikamnong'oneza jambo sikioni. Akasita. Nikamwambia, "Nifanyie bibi yako," akaitika kwa kichwa.

Nikafumba macho. Nikakoroma kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wanatarajia.

Nilipoyafumbua, Mkasi alikuwa amepiga magoti mbele yangu ameshika mkono wangu. Nikamtazama kama ng'ombe anavyotazama treni.

"Nimetoa?" nikauliza.

"Umetoa, shoga yangu. Mungu akulipe."

"Nini nilichotoa?"

Akawatazama wenzake kwa huruma. "Siku moja. Ya Bonde la Ukunga."

"Nilikwenda huko na nani?" Nikaifanya sauti itetemeke, haikuwa kazi kubwa. "Mkasi, pana pengo. Niambie ilikuwaje, unijaze. Nani ataniambia kama si wewe?"

Mnajua, kulikuwa na nafasi. Angeweza kusema hajui, tumalize, na mie ningebaki mwongo na yeye mwanamke aliyesahau. Naapa kuna sehemu yangu iliyotaka aseme hivyo. Lakini alinitazama, akaona mtungi mtupu, na Mkasi hajawahi katika maisha yake kuona mtungi mtupu akaacha kuujaza.

"Ulikwenda na Ngwali," akasema polepole, ananipapasa mkono. "Si jambo zuri, shoga, ndiyo maana nashukuru limekutoka. Alikupeleka kuangalia pa kutegea. Mlishuka kwa njia ya kijito, mkapita chini ya lile jabali linalotona maji, lenye shimo kama sikio. Hapo panapobana, mawe yana utelezi, mtu lazima avue viatu. Ngwali akasimama akapima kwa mikono kutoka ukingo hadi ukingo. Popo walikuwa wamelala upande wa mashariki, kwenye matawi ya chini kabisa, ukinyanyuka unawagusa. Akakwambia, hapa watatoka wote kwa mpigo. Ukamwambia asifanye. Akakukatalia." Akalifuta chozi, na nadhani chozi lenyewe lilikuwa la kweli. "Usijilaumu. Wewe ulimkataza."

Wanawake mlangoni walikuwa wamenyoosha shingo. Hata popo.

"Jabali lenye shimo kama sikio," nikasema.

"Ndiyo, shoga."

"Mie sijawahi kuliona. Siku yangu Ngwali alinishusha kwa kamba, kutoka juu, upande wa misufi. Mlango wa bonde nimeuona mwaka huu, tena kwa juu, nikiwa na Raudha. Kijito hatukukivuka na chini ya jabali hatukupita." Nikaketi vizuri kitini. "Na alipiga chafya. Umesahau kunihadithia chafya."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Uliacha kupapasa.

"Raudha, mwanangu, waambie."

"Kofia haijawashwa," akasema Raudha. Alikuwa anautazama ukuta. "Bibi alisema nisubiri."

"Itawashwa leo hii hii," nikasema, "na siku yangu popo wataipata, nimeshatoa neno. Lakini nilitaka kwanza iondoke hapa ikiwa safi, na huyo mwenyewe wa ile siku nyingine ajulikane."

Mzee Shaame alikuwa amesimama. Chai yake naona aliisahau. "Bi Mkasi," akasema, "jana, na juzi, na hapa hapa asubuhi hii, umesema hukumbuki hata jiwe."

Mkasi hakumtazama sheha. Alinitazama mie, kama alivyozoea kunitazama uzi ukimkatikia katikati ya godoro, akingojea nimpe wa kwangu.

"Nimeota," akasema. "Nadhani niliota tu, shoga. Mtu huota."

"Mtu huota," nikakubali. "Na katika ndoto yako ulisimama ukingo gani, ulipokifunga kile chandarua?"

"Wa kulia," akasema Mkasi, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.